Sifa za Saba Mkorofi

Kumi haikosi wa kuisifu: vidole vyote vya mikono viko upande wake. Kumi na mbili ina miezi. Saba nani kaisemea? Katika madarasa ya Kibondo tebo ya mbili huimbwa, ya tano huimbwa kwa makofi. Ikifika ya saba, darasa zima kama limefiwa. "Saba mara nane?" Macho yote kwenye daftari. Ukubwani nako, anayetaka kukushusha hadhi anakuita darasa la saba. Basi leo niruhusuni niwe mpambe wake.

Naanza na mchango wake katika elimu ya watu wazima. Sokoni Kasulu, jioni, lori la maharage limeshapakiwa, na tajiri kawaongezea vijana elfu kumi ya chai. Wangekuwa watano, kila mmoja elfu mbili, kwaherini. Wako saba. Kila mmoja anachukua 1,400, na mia mbili inabaki juu ya gunia. Hapo haondoki mtu. Wanahesabu, wanarudia, wanahesabu tena, hata yule aliyekimbia shule mapema. Namba gani nyingine inafundisha hesabu usiku bila bajeti ya serikali?

Wakitaka kugawana hadi senti ya mwisho watapata 1,428.571428571428, na safari haina kikomo. Mwenye haraka ataona fujo. Tazama tena: ni tarakimu sita zilezile, 142857, zinapokezana. Zizidishe kwa mbili, 285714. Kwa tatu, 428571. Kwa nne, tano na sita ni walewale, wamehamishana viti tu. Kwa saba? 999999. Hayo bado madogo. Zidisha 142857 kwa yenyewe upate 20408122449, kata baada ya tarakimu tano za mwanzo, jumlisha 20408 na 122449: inarudi 142857. Wakorofi wa kawaida hawana nidhamu hiyo.

Mwenye rula na bikari huchora pembetatu, mraba, pembetano na pembesita zenye pande sawa. Mwaka 1796 Gauss, kijana wa Kijerumani, alionyesha kuwa hata pande 17 zinawezekana. Pembesaba haichoreki kamwe kwa vifaa hivyo, na Mfaransa Pierre Wantzel alilithibitisha hilo mwaka 1837. Huo si ugumu, ni msimamo.

Wenye wivu hudai haina hata alama ya kutambulia namba inazozigawa bila baki, kama tano inavyojulikana kwa mkia wake. Ipo. Zidisha tarakimu ya mwisho kwa tano, ujumlishe na zilizotangulia: 343 inakuwa 34 na 15, yaani 49, ambayo ni saba mara saba. Njia hiyo ilivuma mwaka 2019 kupitia Chika Ofili, mvulana mwenye asili ya Nigeria aliyekuwa akisoma London.

Siku 365 ukizigawa kwa saba, inabaki moja. Ndiyo maana Saba Saba ya 1954, TANU ilipozaliwa, iliangukia Jumatano, na mwaka uliofuata ikawa Alhamisi. Namba hii haikai hata kwenye sikukuu yake.

Sasa Sera ya Elimu, toleo la 2023, imetaka elimu ya msingi iwe miaka sita. Naelewa. Sita inagawanyika kwa mbili, inagawanyika kwa tatu, na haijawahi kumbishia ofisa yeyote.