Namna ya Kukamatwa Vizuri Mtopanga

Kukamatwa ni shughuli, na shughuli yataka matayarisho. Tangu magenge ya mapanga yaitie Kisauni yetu ya Mombasa jina baya, kijana wa Mtopanga anayekaa barazani magharibi imeshaingia huweza kujikuta ndani ya landikruza ya polisi, hata kama panga analolijua ni la kukatia kuni za mamake.

Kwanza, chagua siku. Ijumaa jioni usikamatwe hata kidogo. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka ufikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha. Kizuri sana. Lakini hicho hicho kinasema saa zikiishia siku ambayo korti haikai, basi polisi wana hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Piga hesabu: umebebwa Ijumaa magharibi, saa 24 zimekatika Jumamosi, korti ya Shanzu imefungwa, hakimu utamwona Jumatatu. Idi ikiangukia Jumatatu, ni Jumanne. Wakenya wameshaipa desturi hii jina: kamata kamata ya Ijumaa. Kwa hivyo afande akikushika, mwombe kwa adabu arudi Jumatatu saa mbili asubuhi.

Akitaka kukupekua mifuko, muulize sababu, maana Kifungu cha 31 kinakulinda wewe na nyumba yako. Uliza kama mtu anayeulizia bei ya mbaazi, si kama wakili wa Nairobi. Utaambiwa unajua sana. Kujua sana hakumo katika Kanuni ya Adhabu, ila nafasi yake ndani ya landikruza haikosekani.

Kisha nyamaza. Kwa sisi watu wa baraza, hii ndiyo haki ngumu kuliko zote. Kukiri kwako hakufai kortini ila mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo kinachotakiwa na sheria asiyepeleleza kesi yako, tena na mtu uliyemchagua mwenyewe akiwepo. Koplo anayekunong'oneza "sema ukweli nikusaidie" hayumo.

Dhamana ya polisi ni bure, na vituo vingi vimebandika tangazo hilo ukutani. Lisome polepole, kwa sauti, mara tu utakapotajiwa bei.

Nawe mzazi utakayefuata nyuma: kabla hujauliza mwanao amefanya nini, uliza namba yake ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Ukiambiwa hayumo kitabuni, tafuta wakili usiku huo huo, na asubuhi peleka malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi. Ofisi wanayo hapa hapa Mombasa.