Dola na Mabano Yake

Mama mwenye depo ya saruji hapa Katindo, Goma, alinipa kazi moja tu: kila usiku kompyuta ijiwekee nakala ya hesabu, na kila nakala ibebe tarehe yake. Kazi ya mstari mmoja. Mstari wenyewe niliutoa kwenye fotokopi ya fotokopi ya noti za mwalimu wangu, ambamo amri ya tarehe, date +%F, ilikuwa imebanwa kati ya vialama viwili vidogo kama kinyesi cha nzi.

Vialama hivyo huiambia sheli, ile programu inayopokea amri: tekeleza kwanza kilichomo humu, kisha weka jibu lake hapa. Lakini sharti viwe vile vilivyoinama kama aksenti ya è, urithi wa sheli ya Bourne ya mwaka 1979. Kwenye kibodi zetu za AZERTY kialama hicho kimejificha nyuma ya hiyo hiyo è: unashika AltGr, unabonyeza 7, hakitokei mpaka ubonyeze na nafasi. Apostrofi iko wazi kwenye 4. Nami umeme ukirudi sichezei dakika. Nikabonyeza 4.

Miezi miwili baadaye Mama akataka hesabu za Machi. Nikafungua folda kifua mbele. Faili lilikuwa moja: hesabu-date +%F.tgz. Apostrofi haitekelezi kitu. Hukariri ulichosema, kasuku mtupu. Kila usiku nakala mpya ilikuwa ikiikalia ya jana.

Mama akavaa miwani. "Enjenia, date njo hii. Sasa, ni date ya siku gani?"

Nikaketi palepale kuandika upya, kwa mtindo uliokuja baadaye na sheli ya David Korn: $(date +%F). Dola na mabano hayafichwi na AZERTY, na ukitaka kuingiza amri ndani ya amri huhitaji kumwaga alama za \ kila kona.

Mama, ambaye sheli haimhusu, aliuelewa upesi kuliko mimi. "Inaanza na dola. Hapa Goma bila dola nani atakusikiliza?"

Nikabonyeza Entrée. Kompyuta ikatoa alama ya > ikatulia, inangoja. Nilikuwa nimesahau kufunga mabano.

Mama akainama, akachungulia. "Ni kama dola yenye imechanika kona," akasema. "Hata ku soko ya Virunga hawaipokei."