Muulize Shangazi: Mchana Chaki, Usiku Petroli

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa kujitolea katika shule ya msingi moja huku Chamazi. Kwetu Kasulu. Nilimaliza ualimu miaka mitatu iliyopita, ajira bado. Saa 1 asubuhi niko darasani mpaka saa 9. Saa 11 jioni napokea pikipiki ya watu, nabeba abiria mpaka saa 5 usiku. Juzi nikampakia mzazi wa mwanafunzi wangu mpaka Mbande. Kufika, akaniambia, "Mwalimu, hii si utaikata kwenye tuisheni ya mtoto?" Akashuka, akaenda zake. Nifanyeje?*
Mwalimu wa Boda, Chamazi

Marahaba, mwanangu. La nauli tulimalize haraka. Darasani unawafundisha watoto wanyooshe mkono kabla ya kusema. Na abiria naye anyooshe mkono, wenye noti, kabla ya kupanda.

Mimi linaloniuma ni hesabu yako. Saa 8 shuleni na saa 6 barabarani ni 14 kwa siku; kwa siku 5 ni 70. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiriwa asizidishe saa 45 za kawaida kwa wiki. Wewe unazimaliza Alhamisi saa 4 asubuhi, watoto wakitoka kunywa uji. Baada ya hapo unaishi kwa kudra. Na katika hizo 70, saa 40 hazina hata nauli ya daladala.

Kuna mwenzako nilimkuta usiku pale Rangi Tatu. Amekaa juu ya pikipiki, madaftari ya darasa la nne mapajani, kalamu nyekundu mdomoni, anasahihisha kwa taa ya banda la chipsi. Abiria akitokea, madaftari yanaingia ndani ya koti. Nilichungulia moja (shangazi hana haya): swali la kugawanya, jibu sahihi, alama ya vema, na pembeni tone la mafuta. Nikajiuliza shule ile inaendeshwa na nani hasa. Jengo ni la Serikali, chaki ni ya Serikali, ila mwalimu analishwa na abiria wa Mbagala, buku moja moja.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu hapa Dar waliandamana mpaka Ikulu, kwa sababu walipangiwa kulitumikia taifa miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Nyerere, mwalimu mwenzako, aliwafukuza kwa mamia warudi makwao, kisha akajikata asilimia 20 ya mshahara wake mwenyewe. Siku hizo nilidhani vijana wale wana kiburi. Leo ukipewa wewe hiyo asilimia 40, utakesha ukipiga vigelegele.

Sasa sikia. Mwenye pikipiki akikushawishi uchukue mkataba, kwamba ukimaliza kulipa chombo ni chako, kataa. Mkataba unataka hesabu kila siku, mvua ikinyesha, mtihani wa muhula ukiwepo. Wewe baki deiwaka: ukilala, unalala na shida zako, hudaiwi. Kama leseni huna, acha kusoma hapa, katafute leseni kwanza. Na mikopo ya kausha damu ipite mbali.

Kisha nenda kwa mwalimu mkuu, umwambie ukweli kwamba jioni unaendesha boda. Anajua. Shule nzima inajua. Omba siku tatu kwa wiki badala ya tano, na omba barua inayoeleza unafundisha somo gani na tangu lini. Akikwambia, "Vumilia, nafasi zikitoka tutakukumbuka," mshukuru, lakini usiipeleke ahadi hiyo dukani kukopea unga. Siku hizi walimu nao wanaitwa usaili na Sekretarieti ya Ajira, na kwenye meza ile mwalimu wako mkuu hana kiti. Zile siku mbili zitumie kujiandaa na usaili. Moja kati ya hizo, lala.

*Shangazi shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita, nimepangiwa JKT kwa mujibu wa sheria, kambi ya Bulombora, Kigoma. Hapa Bunju nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa. Naweza kukiendesha kwa simu nikiwa kambini?*
Dada wa Floti, Bunju

Marahaba. Hapana.

Kambi ni kambi, mama. Utaamshwa alfajiri na filimbi, na afande hatakusubiri umalize muamala. Jeshi la Kujenga Taifa lipo tangu tarehe 10 Julai 1963. Kwa vijana wa mujibu wa sheria lilisimama 1994, likarudi 2013, na muda wote huo sijasikia kuruta aliyeruhusiwa kwenda kutafuta mtandao. Ni miezi mitatu. Mweke mdogo wako kibandani, hesabuni floti pamoja usiku wa mwisho, mwandike kwenye daftari, mwekeane sahihi. Kama kuna kijana unayemwita "mshauri wangu wa biashara", asipewe namba ya siri. Nunua bukta ya bluu, raba, na shuka mbili za bluu bahari kama ulivyoelekezwa, upande basi. Ukifika Kigoma, wasalimie wazazi wa mwalimu hapo juu.

*Shangazi, nina mpwa wangu namlea hapa Chamazi. Anasema ni mwalimu, lakini anarudi usiku wa manane ananuka petroli. Nikimuuliza anasema alikuwa anasahihisha madaftari. Mgeni siku mbili. Huyu ana miezi tisa. Nimfukuze?*
Mjomba Mwenye Mashaka

Shemeji yangu, kijana hajakudanganya, amekuambia nusu. Nusu iliyobaki imeandikwa kwenye ukurasa huu huu, isome taratibu, umalize chai kwanza.

Methali inasema siku ya tatu mgeni apewe jembe. Huyu wako ana majembe mawili, na moja halilipi. Jiulize: unga ulioingia hapo nyumbani mwezi huu, kilo ngapi alileta yeye? Muulize mkeo, maana wewe hujui. Kama ni nyingi kuliko ulivyodhani, huna mgeni, una mpangaji anayelipa kimyakimya.

Usimfukuze. Komeo la chini liache wazi, kwa sababu akitoka kijiweni saa 5 anafika saa 6 kasorobo, na saa 1 asubuhi watoto wanamsubiri.