Mhadhara wa Wazi: Haki ya Mswahili Kupunguziwa Kodi Mjini Lowell

Mabibi na mabwana, wapangaji mlioalikwa na madalali mliojipenyeza: anayesimama mbele yenu ni bingwa wa Elimu ya Kodi za Majengo Makuukuu, taaluma aliyoiasisi mwenyewe, yenye mtaalamu mmoja tu duniani, na ndiyo maana haijawahi kuwa na mabishano. Hoja ya leo ni fupi. Mswahili anayepanga lofti mjini Lowell, jimbo la Massachusetts, anatozwa kodi kamili katika nyumba ambayo wazee wake walikwisha kuichangia.

Tuanze na jengo. Lofti, kwa wasiosoma, ni kiwanda kilichoachishwa kazi kikaajiriwa upya kuwa nyumba. Chukueni Boott Mills, kiwanda cha pamba kilichoanzishwa mwaka 1835 kando ya mto Merrimack, mashine zake zikizungushwa kwa nguvu ya maji ya mifereji. Leo sehemu yake ni makumbusho, sehemu ni fleti. Dalali atakusifia madirisha marefu, dari ya juu na boriti nene kana kwamba fundi wa karne ya 19 aliliwazia kochi lako. Hakuliwazia. Madirisha ni marefu kwa sababu umeme haukuwapo na mfumaji sharti auone uzi. Boriti ni nene ili zibebe mashine, na kwa kuwa mti mnene huchelewa kuteketea. Madirisha yenyewe yalifungwa hata wakati wa joto, maana hewa kavu hukata nyuzi. (Nyumba za mawe za Pwani zina vyumba vyembamba kwa kuwa upana huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Hakuna dalali aliyethubutu kuuita wembamba huo mtindo. Uzembe huo wa kibiashara nitaushughulikia katika mhadhara wa pili.)

Sasa swali ambalo madalali hulikwepa: nani alikinunua kilichofumwa humo? Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitia saini mkataba wa biashara baina ya nchi yake na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja. Merikebu za Salem, bandari ya Massachusetts, zikaondoka Unguja na pembe za ndovu na sandarusi, zikaleta kitambaa kizito cha pamba, kisichopaushwa, kutoka viwanda vya Massachusetts. Watu wetu hawakuhangaika na majina ya makampuni. Walikiita merikani, basi. Merikani ilipanda misafara hadi Tabora na Ujiji, ikalipa wapagazi, ikalipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa machifu. Kila jora lililofunguliwa bara lilikuwa tofali lililopangwa Massachusetts. Huo ndio ugunduzi wangu, na naomba makofi yasubiri.

Wapo wanaopinga wakisema mwenye nyumba wa leo si mwenye kiwanda wa jana. Kweli, lakini historia ameiweka ndani ya kodi. Kila ufa wa tofali anautoza. Anayerithi sifa za marehemu hawezi kuwafungia mlango wanaomdai marehemu. Wengine husema wazee walipata kitambaa chao, hesabu ikafungwa. Pingamizi hili lina uzito kiasi, nami nalijibu kwa ukarimu: kama malipo hufunga hesabu, mbona jasho la mfumaji linauzwa tena kwa mpangaji? Wasichana wa viwanda vya Lowell waligoma 1834 walipopunguziwa ujira, wakagoma tena 1836 malipo ya malazi yalipopandishwa. Kwa hiyo ugomvi wa kodi mjini humo ni mkongwe kuliko fleti zake. Na pamba yenyewe ilivunwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ambao hawakulipwa hata senti. Katika foleni ya wadai, wajukuu wao wako mbele yetu, na hapo bingwa hana mzaha wa kuongeza.

Kuhusu baridi, mwangwi na ukosefu wa kuta ndani ya lofti, sina la kusema. Anayelipia uwazi asilalamike kwamba harufu ya samaki imefika kitandani.

Imebaki hoja ya risiti. Mwenye nyumba atadai ushahidi wa maandishi, nayo ni haki yake. Mpangaji asibabaike: afungue kamusi ya Kiswahili kwenye herufi M, aweke kidole chini ya neno merikani, aombe nusu ya kodi. Kisha airudishe kamusi haraka; ni mali ya maktaba.