Capybara Kahamisha Picha

Zamani kazi ya kikundi ilikuwa na utaratibu wake: mmoja anaandika, mmoja ananunua manila na maka peni, watatu wanaandikisha majina. Siku hizi chuoni kwetu tunatumia Google Slides, ambako faili moja linaweza kuhaririwa na watu hadi 100 kwa wakati mmoja. Aliyepanga idadi hiyo sidhani kama amewahi kushika chaki.

Tena ukiingia kwa kiungo bila akaunti, unapewa jina la mnyama. Kikundi cha Vita vya Maji Maji kilikuwa na Capybara, Axolotl na Quokka, ambao hata ukilala Mikumi mwezi mzima huwaoni.

Siku ya kuwasilisha umeme ulikuwepo, bando lilikuwepo, projekta imewaka mara moja. Nikajua tu kuna jambo. Msemaji wao akaanza vizuri: Kinjekitile Ngwale, Ngarambe, dawa iliyoaminika kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Kumbe wenzake kule nyuma, simu mapajani, walikuwa bado "wanaweka sawa". Picha ya milima ya Wamatumbi ikaanza kusogea kidogo kidogo, kama mtu anayetoroka kikao cha michango ya harusi, na mahali pake ikatua chupa ya maji ya kunywa. Lita moja na nusu.

Msemaji, ambaye husoma chochote kilicho mbele yake, hakutetereka.

"Wajerumani walimnyonga Kinjekitile mwezi Agosti, 2005."

"Mwaka gani?"

"Madam, sasa hivi ilikuwa 1905, haki ya Mungu!" Akageuka kuhakikisha. Ilikuwa 1805. Capybara alikuwa anajitahidi kusahihisha.

Mara maneno mekundu yakaanza kujiandika yenyewe ukutani: *Herufi kubwa mwanzo wa sentensi!* Halafu: *Vituo viko wapi?* Halafu, polepole, herufi moja moja: *Nani anawafundisha ninyi?*

Hapo nikasimama.

Nikafungua historia ya mabadiliko. Wanyama wote wamerundikwa pamoja kama wasiojulikana, kwa hiyo mwenye chupa hadi leo anakula ubwabwa wake kwa amani. Jina la kweli lilikuwa moja tu, la mama mmoja ambaye hayumo kwenye orodha ya mahudhurio. Mwanakikundi mmoja akainamisha kichwa. Slaidi alizitengenezea nyumbani wakati wa likizo, kwa kishikwambi cha mama yake, mwalimu wa msingi, kimoja cha vile vilivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022. Faili likabaki kwenye akaunti ya mama. Na mwalimu akikuta maandishi hayajasahihishwa, hasa wakati wa chai, mkono humwasha.

"Mpigie," nikamwambia. Akaweka spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Subiri kwanza, namalizia slaidi ya saba."

Tukasubiri, darasa zima. Kwenye slaidi ya mwisho likachorwa duara jekundu, ndani yake 09/20, na chini: *Rudieni.*

Mimi nilikuwa nimeshawapa 14. Bahati nzuri, kwa penseli.