Inchi 55 Miguuni pa Kitanda

Kanuni ya kwanza kwa anayekwenda Kariakoo kununua runinga ya chumbani: usibebe tepu. Mwenye tepu huonekana hana hela, tena anamnyima muuzaji nafasi ya kumweleza ukubwa wa chumba chake mwenyewe. Muuzaji anakijua. Hajawahi kukitia mguu, lakini ukimwambia "chumba cha kawaida tu" atakutazama kuanzia viatu hadi saa ya mkononi, kisha atatoa hukumu: "Tajiri, wewe ni mtu wa 55." Ukigusia habari za 32 atashusha sauti kwa huruma. "Hizo wanachukua watu wa saluni, bosi wangu."

Pale dukani hiyo 55 utaiona ndogo, na huo ndio uzuri wa duka. Limeachwa wazi mbele, dari iko juu, na pembeni imetundikwa 75 inayoonyesha kasuku na samaki wa rangi ambao hakuna chaneli utakayolipia itakayokuletea. Bodaboda akiifungia mpira na kuondoka nayo, itaanza kukua njiani. Ikifika kwako haipiti mlangoni bila kulazwa ubavu.

Asiyependa mshangao ajue haya mapema. Inchi hupimwa kwenye kioo, kona hadi kona kwa mshazari, wala si upana. Runinga ya 32 ina kioo chenye upana wa sentimita 71 hivi, 43 inafika 95, na 55 inafika 122, fremu bado. Ukitia shaka lebo ya kwenye boksi, pima mwenyewe: 43 ya kweli ina mshazari wa sentimita 109. Muuzaji akikasirika, rudi kwenye kanuni ya kwanza uone faida yake ni ya nani.

Sasa chumba. Vyumba vingi vya kupanga havizidi futi 10 kwa 10, yaani mita tatu na ushei kila upande. Kitanda cha tano kwa sita kimekula karibu mita moja na nusu kwa mita moja na sentimita 80. Kabati la nguo lina sehemu yake, na milango yake lazima ifunguke. Mlango wa chumba nao una haki. Kilichobaki ndicho kiwanja cha runinga, na hapo ndipo mnunuzi anapogundua jambo ambalo halikuandikwa popote dukani: runinga za siku hizi hazisimami kwa mguu mmoja wa katikati. Nyingi zina vijiguu viwili, kimoja kila pembeni. Stendi yako ya sentimita 90, iliyobeba TV ya chogo miaka yote bila kulalamika, inamezwa katikati ya vijiguu hivyo huku vyenyewe vikining'inia hewani. Utatafuta ubao wa kuweka juu ya stendi. Utasema ni wa muda. Utakaa miaka.

Kuhusu umbali, wataalamu wa sinema watakuunga mkono, na hilo lisemwe kwa haki. Wao hutaka picha ijaze macho, kwa hiyo hupendekeza ukae mbali kwa kadiri ya mshazari wa kioo mara 1.2 hadi 1.6. Ukiegemea mto, macho yako yako mita mbili na robo hivi kutoka ukuta wa pili, na kwa hesabu hiyo 55 inakubalika kabisa. Tatizo ni kwamba wao wanazungumzia filamu safi ya 4K. Wewe una king'amuzi na kifurushi cha chini, ambacho chaneli zake nyingi hazina picha ya HD. Picha hiyo ikitandazwa kwenye kioo kikubwa, uso wa msomaji wa habari unavimba na kuota ukungu, na jezi za timu mbili zinaanza kufanana. Kwa matangazo ya namna hiyo, umbali wa mshazari mara mbili na nusu ndio unaofaa, na hapo chumba chako kinaangukia kati ya 32 na 43.

Halafu kuna chandarua, ambacho sijawahi kuona kikitajwa katika mwongozo wowote. Ukikishusha, unatazama mechi kupitia vitundu elfu, na mwanga wa kioo unanasa kwenye nyuzi hadi wavu wote unang'aa mweupe. Kioo kikiwa kikubwa, mwanga ni mwingi zaidi. Ukikipandisha ili uone vizuri, mbu nao wamefika kutazama.

Suala la wageni ni zito kuliko yote. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Bara tulisubiri hadi 1994, na runinga za mwanzo zilikaa sebuleni, majirani wakijaa hadi dirishani. Tabia ya kununua runinga kwa ajili ya macho ya watu ilianzia hapo, na haikuwa mbaya. Lakini chumbani anaingia nani? Kwa Mswahili anayejiheshimu, mgeni anayekifahamu chumba chako cha kulala ni habari ya kupelekwa kwa mshenga. Mwenye chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia ana udhuru, maana chumba chake ndiyo sebule. Wengine wote wananunua 55 ili kumringia mke, ambaye bei halisi anaijua na anasubiri tu siku ya kuitaja.

Mita ya LUKU haisubiri. Runinga ya 32 hula wati 30 hadi 50. 55 hufika wati 100 na kupita. Iwashwe kwa muda wa saa sita kila siku, zikiwemo zile inazowaka huku mmelala, na mwezi unaishia karibu uniti 20. Aliye kwenye daraja la matumizi madogo, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, atakuwa ameikabidhi runinga zaidi ya robo ya haki yake, na friji bado haijasema neno.

Fundi wa kutundika atataka kuipandisha hadi karibu na dari, kama ilivyo baa. Mkatalie. Anayelala chali anaweza kutazama juu kidogo, lakini kioo kiinamishwe mbele, na skrubu ziingie kwenye tofali, si kwenye plasta.

Hukumu: chumba cha kumi kwa kumi, kitanda cha tano kwa sita, nunua 43. Ukiwa na kifurushi cha chini na hutaki makuu, 32 inakutosha. Dai risiti ya EFD, na garantii iandikwe hapohapo kabla hujatoka dukani.