Kioo Kinachojua Kushuka

Katika magari yenye umri mkubwa, hususan yale yaliyotumika Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kushushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa ili yaanze ujana wa pili, ni vifaa vichache vinavyomtia mwenye gari mashaka kama kioo cha umeme, yaani kioo cha mlango kinachopandishwa na kushushwa na mota ndogo badala ya mkono wa dereva. Injini ya gari hilo huweza kuitikia ufunguo kila alfajiri bila kunung'unika, na gia zikaingia kwa adabu, ilhali kioo cha dereva kikashuka mbele ya askari wa barabarani na kukataa katakata kurudi juu. Kenya, ambayo hairuhusu kuingiza nchini magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8, imelidhibiti tatizo hili bandarini tu, kwa kuwa gari likishavuka geti huruhusiwa kuzeeka kadiri lipendavyo.

Kampuni ya Packard ya Marekani ilipotoa vioo vya namna hii mwaka 1940, vikisukumwa kwa shinikizo la mafuta, vilikuwa anasa ya wachache. Anasa hiyo imeshuka daraja hadi kwenye teksi, na njiani imekifukuza kile kishikio cha kuzungusha kwa mkono, ambacho kosa lake pekee lilikuwa kumtoa mtu jasho kidogo.

Jambo linalostahili kuchunguzwa kwa makini ni kwamba kioo kibovu kwa kawaida hukwama kikiwa chini. Wenye magari huona hapo dalili ya inda, lakini sababu yake ni ya kimaumbile: kioo kinaposhuka husaidiwa na uzito wake chenyewe, na kinapopanda mota hulazimika kuubeba uzito huo na papo hapo kushindana na raba za pembeni, yaani mifereji ya mpira ambamo kioo huteleza, ambazo kwa kawaida zimekaushwa na jua na kushiba vumbi. Mota ambayo kaboni zake zimelika, yaani vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, hubaki na nguvu ya kushusha pasipo nguvu ya kupandisha, na kwa hiyo ugonjwa wake hugunduliwa pale tu dereva anapohitaji kufunga, jambo ambalo mara nyingi humaanisha kwamba mvua imeanza. Mvua hainyeshi kwa sababu kioo kimekwama, ingawa ni vigumu kumpata mwenye gari la zamani atakayekubali hoja hiyo.

Mfumo wa umeme nao una hila zake. Katika magari mengi, umeme wa kioo cha abiria hupitia kwanza swichi kuu iliyo kwenye mlango wa dereva, na hivyo shemeji aliyeketi nyuma anaweza kulaumiwa safari nzima kwa kubonyeza vibaya, ilhali chanzo ni soda ambayo dereva mwenyewe aliimwaga juu ya swichi hiyo. Aidha, waya zinazoingia mlangoni hupita ndani ya bomba la mpira karibu na bawaba, hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na mwishowe hukatika ndani kwa ndani. Ndiyo maana wapo madereva wanaoonekana wakiendesha polepole huku mlango umeachama, wakitafuta ile pembe moja ambayo waya hugusana na kioo kukubali kupanda.

Kuhusu tiba, ngumi inayopigwa ubavuni mwa mlango huku swichi imebonyezwa haipaswi kudharauliwa na wasomi, kwa kuwa mtikisiko huweza kuzirudisha kaboni zilizolika mahali pa kugusana, na kioo kikapanda, pengine kwa mara ya mwisho. Ngumi ikishindwa, huja operesheni ya watu wawili, mmoja akibonyeza swichi na mwingine akikibana kioo kwa viganja na kukivuta juu. Baada ya hapo hufuata fundi, ambaye huvua bitana ya mlango na kuvunja vibanio viwili vitatu vya plastiki, kisha hutangaza kwamba mashine ya kioo, yaani kile chombo cha nyaya au vyuma kinachokiinua, imekufa. Mashine nyingine hutafutwa Gerezani jijini Dar es Salaam, au katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na mara nyingi hung'olewa kwenye gari la umri uleule, lililochoka kwa sababu zilezile, jambo ambalo kwa mafundi huitwa matengenezo.

Mwenye gari asiyetaka gharama hiyo hukigongea kioo kabari ya mbao kikiwa juu, na tangu siku hiyo hulipia tozo ya daraja la Kigamboni jijini Dar es Salaam kwa kufungua mlango mzima. Mnunuzi wa baadaye husikiliza injini, huchungulia chini kama pana mafuta yanayovuja, huyapiga matairi mateke, na anaponyoosha kidole kuelekea kwenye swichi ya kioo huambiwa kwa upole kwamba vioo havina haja ya kufunguliwa, kwani AC ya gari hili ni ya baridi sana.